Wasifu Uliobaki Ndani ya Kompyuta

Bhoke mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana hukuwahi kupita mbele yangu bila shikamoo, hata siku ile uliyonikasirikia kwa ajili ya printa. Ulisema "Shikamoo Mjomba" huku unaangalia ukutani. Basi marahaba. Marahaba za mwaka mzima, kwa sababu tangu tukuzike sijaja kusimama pale migombani ulipo. Nikipita njia ile nageuza shingo kama mtu anayeangalia mvua inakotokea.

Nakuandikia nikiwa dukani kwako, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga mguu kwa waya. Ni Jumapili, watu wametoka kanisani, jua ni kali na Nyamwaga yote imenyamaza. Kompyuta yako iko mbele yangu. Kuna lile dirisha jeusi, na ndani yake herufi nyeupe zinapanda juu, mstari baada ya mstari, kama siafu waliomwagiwa maji. Chini kabisa kuna namba. Imefika asilimia kumi na moja. Sitakiwi kugusa kitu. Umeniandikia mwenyewe: "Usiguse. Tafuta kazi nyingine ya mikono." Mikono yangu unaijua. Ndiyo maana nimeipa kalamu, na daftari lako bado lina kurasa nyuma.

Jumamosi tunakuwekea msalaba wa saruji. Fundi ameshaumwaga, unakauka kwa Mwalimu mstaafu. Wale ndugu wa upande wa Kenya watavuka mpaka wa Sirari Ijumaa, na safari hii mama yako amesema hataki aibu. Amesema siku hiyo wasifu wako utasomwa. Wasifu wenyewe, ulioandikwa, siyo wa mdomo.

Unajua kwa nini amesema hivyo. Au hujui, sijui huko mnaambiwa nini. Siku tuliyokuzika, wewe uliyewaandikia wasifu wafu wote wa kata hii, wewe uliyekuwa unaulizwa na wafiwa kabla hata jeneza halijanunuliwa, hukuwa na karatasi. Katibu wa kanisa akasema sasa tunamkaribisha msemaji wa familia atusomee historia fupi ya marehemu. Watu wakaangaliana. Yule binamu yako wa Migori akanong'ona kwa sauti ya kusikika turubai zima, "Kwani hamna eulogy? Yaani Bhoke mwenyewe?" Nikasimama mimi. Nikasimama bila karatasi, Bhoke, kwa sababu unanijua, mimi mahali penye watu wengi miguu yangu inasimama yenyewe.

Nikasema ulianza kusoma ukiwa na miaka miwili. Nikasema kompyuta za mgodini zilipogoma zote kwa pamoja, wazungu walikupigia simu wewe, ukazitibu kwa simu ukiwa unasonga ugali. Nikasema simba alitoka hifadhini kule Nyambureti ukiwa shuleni, ukamwangalia akageuka. Watu walicheka. Kwenye mazishi yako walicheka, na mimi nikaongeza sauti. Nilipogeuka nikamwona mama yako amejifunika kitenge usoni chote, na mabega yake hayakuwa yanacheka.

Wiki iliyofuata akaniambia hivi, na sijasahau hata neno: "Mwita, mwanangu aliandika wasifu wake mwenyewe. Aliniambia hospitali. Uko kwenye kompyuta. Wewe ndiye ulikuwa unakaa naye dukani. Uko wapi?"

Asilimia kumi na tisa.

Ngoja nikuambie kile ambacho sikukuambia hospitali kule Mwanza.

Asubuhi ile ulipoondoka kwenda hospitali, uliacha kompyuta inajisasisha. Ulikuwa umevimba miguu, viatu havikuingia, ukavaa kandambili za mama yako. Ukaniita ukanionyesha kwa kidole: "Mjomba, hii inajisasisha. Itaandika andika mpaka ichoke. Ikimaliza utaona jina langu chini, na kimstari kinapepesa. Kabla ya hapo usiguse, hata kama dunia inawaka." Nikasema, "Mpwa wangu, mimi nimechunga ng'ombe mia mbili mpaka mbugani nikarudi na mia mbili na tatu, nitashindwa kuchunga kompyuta moja?" Ukacheka kidogo. Ulikuwa umechoka hata kucheka.

Saa nne wakaja watu wawili kutoka Nyakunguru, wachimbaji, wanataka kopi za vitambulisho. Mmoja akaona herufi zinakimbia akaogopa. Akauliza, "Mzee, hii mashine inafanya nini peke yake?" Nikamwambia inafanya ninachoiambia. Mwenzake akacheka akasema, "Mura, wewe? Hii inamsikia yule dada tu." Basi hapo, Bhoke. Ingekuwa ngumi ningevumilia. Nikasema, "Inanisikia kuliko fahali wangu. Nikiiambia lala, inalala." Nikaweka kidole kwenye kile kitufe cha mbele, nikabonyeza nikashikilia, huku nawaangalia wao usoni, mpaka ikalala.

Walipiga makofi. Nikaona raha. Raha ya dakika mbili.

Nilipoiwasha ikawaka. Picha ile ya maua ikaja, mafaili yako yote yako pale yamepangwa. Nikashukuru. Lakini ile programu ya kuandikia haikufunguka. Nikibonyeza, kinazunguka kile kiduara, kinazunguka, kinapotea. Printa nayo ikawa kama haijawahi kukutana na kompyuta. Nikaizima nikaifunika kwa kile kitambaa chako cha kufuma, nikafunga duka nikasema nitaona kesho.

Siku nilipokuja Mwanza na mama yako, ulikuwa na mirija, uso umekuwa mdogo kama ulivyokuwa darasa la kwanza. Neno lako la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa, "Mjomba, ilimaliza?" Nami nikasema ilimaliza zamani. Nikasema ipo inaruka kama swala, nimeshawaandikia watu barua kumi na mbili. Ukaniangalia. Uliniangalia muda mrefu, mpaka nikaanza kueleza habari za basi lililopasuka tairi. Halafu ukasema, "Hamjaniletea daftari langu?" Tulikuwa nalo. Ukaomba na kalamu, nikakupa ile yangu ya kijani niliyoipata kwenye mkutano wa kijiji. Nilidhani unataka kuandika dawa.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyoongea. Neno langu la mwisho kwako lilikuwa uongo, na siyo hata uongo mzuri, maana swala haruki ndani ya duka.

Asilimia thelathini na nne. Imesimama kidogo. Haya, imeendelea.

Mwaka huu duka limefungwa. Mbuzi wa jirani wanalala kibarazani. Kibao chako kimepauka, limebaki "Steshenari" bila jina la mwenyewe. Watu wanapanda gari kwenda Tarime kutoa kopi. Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa kule bondeni, wasifu wake umeandikwa kwa mkono, msomaji akafika "marehemu ameacha wajukuu arobaini na", akageuza karatasi, nyuma hakuna kitu. Akasimama pale anageuza na kugeuza. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Angekuwepo Bhoke, wajukuu wasingepotea."

Mama yako ameacha kupeleka maziwa senta. Anakamua, anayaacha ndooni. Chumba chako hakifagii kwa ufagio, anafagia kwa mkono.

Na mimi hasemi nami ila kwa lazima. Kila tukikutana swali ni moja, uko wapi. Na mimi nilikuwa nauona. Hilo ndilo lilikuwa linaniua. Faili liko palepale kwenye kioo, limeandikwa jina lako na neno wasifu. Nikilibonyeza, kiduara kinazunguka, kinapotea. Uko nyuma ya mlango niliovunja kitasa mimi mwenyewe.

Nilimwambia mama yako kompyuta iliharibiwa na radi. Ndiyo. Niliongeza na hiyo.

Juzi baada ya fundi kumwaga saruji nikaona siku zimeisha. Nikaibeba kompyuta mpaka Tarime mjini, kwa kijana mmoja mwenye meza ya simu na kompyuta. Akaiangalia akasema, "Mzee, hii ni Linux, sisi huku hatuifanyi. Tufute vyote tuweke nyingine, saa moja tu inakuwa mpya." Nikamuuliza, na vilivyomo? Akasema, "Si nimesema tunafuta?" Alishaweka mkono, Bhoke. Niliinyakua mezani na waya unaning'inia. Amini usiamini, nimepambana na fisi watatu kwa mwavuli, lakini sikuwahi kukimbia kama nilivyokimbia kutoka kwenye ile meza.

Basi jana nikaenda kwa mama yako. Nikakaa kwenye kigoda, siyo kwenye kiti. Nikamwambia haikuwa radi, ilikuwa mimi. Nikamweleza wachimbaji, kitufe, makofi, na uongo wa hospitali. Nilitegemea anifukuze. Alisogeza kikombe chake pembeni, chai haijanywewa. Halafu akaingia ndani akatoka na ule mfuko aliorudi nao kutoka Mwanza, ambao hakuwa ameufungua. Ndani kuna kanga, sabuni, na daftari hili. Akasema, "Alikuwa anaandika humu. Mimi sikuweza kuangalia. Angalia wewe uliyevunja."

Nimeliangalia leo asubuhi. Kurasa nyingi ni za kalamu ya bluu, amri zako za kompyuta na maelezo kwa Kiswahili, maana ulijua mimi nilisoma mpaka darasa la tano nikaona walimu wananichelewesha. Lakini ukurasa wa mwisho ulioandika ni wa kijani. Kalamu yangu. Mistari imepinda kama imeandikwa juu ya goti. Na juu umeandika kwa herufi kubwa: MTU AKIZIMA KABLA HAIJAMALIZA.

Hukuandika umeme ukikatika. Umeandika mtu.

Niliweka daftari chini nikatoka nje nikaenda nyuma ya duka. Sitasema nilifanya nini huko.

Ulijua. Ulikuwa na mirija, nami nimesimama miguuni pako nadanganya, na ulijua. Hukunisema hata mbele ya mama yako. Uliomba kalamu ukaniandikia dawa.

Asilimia hamsini na tisa.

Nimefuata kama ulivyoandika, sikuruka mstari. Wa kwanza unasema: "Usiogope. Haijafa. Imeachwa katikati." Nilisoma huo mara nyingi kuliko mingine. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na nafasi zake: sudo dpkg --configure -a. Ikaomba neno la siri. Nikajaribu kuandika, haionyeshi kitu, nikadhani baobonye, lile bao la herufi, limekufa nalo. Nikarudi kwenye daftari, umeandika pembeni: "Haionyeshi unachoandika. Inasikia. Neno la siri ni jina la fahali wa Mjomba, lile la kweli, herufi ndogo."

Aisee, Bhoke, ulinitesa hapo. Fahali wa Mto Mara. Hadithi ile nimeisimulia harusini, msibani, kwenye pombe, mpaka kwa askari. Fahali niliyemvusha mto nimeshika mkia, mamba wanne wanatufuata. Nikaandika radi, ikakataa. Nikaandika treni, maana nikisimulia kwa watu wa Musoma anaitwa Treni. Ikakataa. Nikaandika kifaru, ikakataa tena, ikanisema kwa Kiingereza. Nikakaa naangalia mikono yangu. Lile la kweli.

Hakukuwa na Mto Mara. Wewe ulikuwepo, ulikuwa na miaka sita hivi, umebeba kibuyu. Kilikuwa kijito cha pale chini na hakikuwa fahali, alikuwa ndama, amezama kwenye tope, mama yake anapiga kelele ng'ambo. Nilimvuta kwa kamba kutoka asubuhi mpaka mchana. Mamba hakuwepo hata mmoja. Nilikuwa nalia, kwa sababu alikuwa ndama wetu wa pekee. Nilidhani huoni.

Nikaiandika amri upya, na kidoti, jina la ndama yule. Ikakubali.

Halafu ikalalamika, kama ulivyosema italalamika. Mistari myekundu na myeupe. Umeandika: "Soma inalalamikia nini. Usipite. Yenyewe haijui kudanganya." Nikatafuta maneno yale kwenye ile orodha yako ya tafsiri, kidole kwenye kioo, kidole kwenye daftari. Kumbe inasema ile pakeji ya programu ya kuandikia iko katika hali mbaya sana, nusu yake imo na nusu haimo, inabidi isakinishwe upya kabla ya kupangwa. Nikasema hata mimi.

Nikaendelea. sudo apt clean, ambayo umeeleza inatupa vile vilivyopakuliwa nusu. Nikawasha mtandao kwenye simu nikaiweka dirishani panaposhika. sudo apt update. Halafu ule mrefu, sudo apt --fix-broken install. Ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza Y. Ndipo likaja neno lako la mwisho kwenye ukurasa: "Sasa usiguse. Tafuta kazi nyingine ya mikono. Ikimaliza utaniona."

Ulimaanisha jina lako. Najua ulimaanisha jina lako.

Kuna mtu alipita hapo mlangoni sasa hivi, yule muuza ndizi, akachungulia akasema, "Mzee Mwita, leo unaiamrisha?" Nikamwambia hapana, leo naisubiri. Akasimama kidogo kama anayengoja hadithi ianze. Sikuwa nayo. Akaenda zake.

Asilimia themanini na nane. Naacha kuandika kidogo, nataka kuangalia.

Bhoke.

Imemaliza. Herufi zimesimama, na chini kuna jina lako na kimstari kinapepesa, kinapepesa, kama mtu aliyekaa anasubiri uongee. Nimekaa nakiangalia. Sikutaka kufanya kitu kingine. Ng'ombe wameanza kurudi, nasikia kengele zao barabarani, na mimi bado nakiangalia.

Nimebonyeza faili lako. Kiduara kimezunguka. Halafu karatasi nyeupe imefunguka, imejaa.

Ni ukurasa mmoja tu. Wengine uliwaandikia mpaka kurasa tatu, wewe mwenyewe moja. Marehemu alizaliwa hapa Nyamwaga. Marehemu alisoma, ukataja shule. Marehemu alifungua duka la steshenari na kuwaandikia watu barua na wasifu. Marehemu alipenda chai ya maziwa na mvua ya mchana. Halafu kuna mstari huu, nimeusoma kwa sauti nikiwa peke yangu: "Marehemu alipenda sana hadithi za mjomba wake, hata zile ambazo yeye mwenyewe alikuwepo zikitokea."

Kisha: "Marehemu alianza kuugua figo na kutibiwa. Marehemu alifariki dunia tarehe", halafu umeweka nukta. Nukta nyingi zimejipanga. Uliacha nafasi ya kujazwa, kama fomu.

Na chini kabisa: "Wasifu huu asome Mjomba, kwa sababu ana sauti. Asiongeze kitu."

Nimejaza tarehe. Kidole kimoja, namba moja moja. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitaisimulia mahali popote. Nimehifadhi, nikaangalia mara mbili kama imehifadhi. Nimewasha printa, imeikumbuka kompyuta. Karatasi imetoka ikiwa na joto. Naipeleka kwa mama yako sasa hivi kabla giza halijaingia, aishike yeye kwanza.

Jumamosi nitasimama pale migombani, mbele ya ndugu wa Tarime na wa ng'ambo, mbele ya kina yule wa Migori. Nitatoa sauti yote niliyonayo. Nitasoma ulichoandika kuanzia juu mpaka chini, sitaongeza mamba wala simba, nikifika kwenye nukta nitasoma tarehe, na nikimaliza nitakaa chini. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ni ya kwanza ambayo sijaitilia chumvi.

Lala, mpwa wangu. Kompyuta nimeizima kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha, nikakaa mikono mgongoni mpaka taa ikazimika yenyewe.

Mjomba wako,
Mwita